Jibu: Kolibeki zangu zinachanganya boti mbili, nitumie nini badala ya vigeu vya globali?

Alaykum salaam, ndugu yangu wa Wete. Kwa wanaopita: mwenzetu ana seva ya C inayopokea taarifa za vifaa vya GPS vya boti. Ana kolibeki tatu (fanksheni zinazoitwa tukio likitokea), ya kupokea muunganisho mpya, ya kusoma, na ya saa ya kumkatia aliyenyamaza. Zote zinaandika kwenye `jina_boti` na `bafa` (pa kuwekea baiti zinazofika) za globali, yaani moja tu kwa programu nzima. Ikiingia boti ya pili, majina yanavurugika. Hayana budi kuvurugika, maana kolibeki ya kusoma haijui inamsomea nani.

Unda strakta (kundi la vigeu chini ya jina moja) moja kwa kila muunganisho. Itie soketi, bafa, idadi ya baiti zilizokwishafika, jina la boti, saa yake, na pointa (anwani ya kumbukumbu) ya strakta ya seva nzima. Kisha ipitishe pale ulipoachiwa nafasi ya `void *`, pointa ya kitu chochote: ukitumia maktaba ya matukio ya libevent ni hoja ya mwisho ya `event_new` au `bufferevent_setcb`, na kwenye maktaba ya libuv ni `data`. Ukitumia epoll tupu (njia ya Linux ya kungojea matukio ya soketi nyingi), `epoll_data` ni yunioni, sehemu zake zinakaa pahala pamoja: ukiandika `ptr` (pointa), `fd` (namba ya soketi) imefutika. Ndiyo maana soketi nayo inakaa ndani ya strakta.

Bafa usiiache hata kama ujumbe wako ni mfupi. TCP ni mkondo wa baiti tu, haijui ujumbe unaishia wapi. Mimi naendesha seva kama yako hapa mjini Unguja. Boti zikiwa katikati ya visiwa mtandao wa simu unalegea, nusu ya mstari inafika sasa, nusu baadaye sana. Ile ya kwanza lazima iwe na pa kungojea.

Strakta itoke kwa `malloc`, moja moja. Ukiitangaza kama kigeu cha ndani ya kolibeki ya kupokea, fanksheni ikirudi tu sehemu ile ya staki (kumbukumbu ya muda ya fanksheni) inatumiwa na wengine. Safu unayoikuza kwa `realloc` nayo siipendi: ikihamishwa, pointa zote ulizokwisha kugawa zimeharibika.

Mtihani wenyewe uko kwenye `free`, kuirudisha kumbukumbu ya `malloc`, na wengi wanaojibu swali hili hawafiki huko. Tuseme `epoll_wait` imeleta matukio 20 kwa pamoja. La 3 ni boti iliyojiunga upya baada ya kupotea. Unaitambua kwa jina, unafunga muunganisho wake wa zamani na kuiachia strakta. Kumbe muunganisho ule wa zamani nao una tukio, la 12 kwenye orodha ile ile, na pointa yake inaelekea kumbukumbu uliyokwisha kuirudisha. Aghalabu programu haifi hapo hapo. Inakuja kufa pahala pengine kabisa, nawe unakwenda kukagua msimbo usio na kosa.

Kwa hiyo funga soketi, itie strakta alama kwamba imekufa, iweke kwenye orodha ya kungoja. Ukikutana na tukio lenye alama hiyo, lipite. Matukio yote yakisha, ndipo uachie. Kwenye libuv, `free` iwe ndani ya kolibeki unayoipa `uv_close`, si kabla. Kwenye libevent tanguliza `event_free` ya kusoma na ya saa, strakta iwe mwisho. Ya saa ndiyo husahauliwa.

Kuna atakayekwambia utumie namba ya soketi kama faharasa ya jedwali. Inawezekana, ila kerneli hutoa namba ndogo kabisa iliyo wazi, kwa hiyo soketi 7 uliyoifunga sasa hivi inaweza kuwa boti nyingine papo hapo, na saa iliyobaki ikamkatia asiyehusika.

Kompaili kwa `-fsanitize=address`, inayokamata matumizi ya kumbukumbu iliyokwisha kurudishwa, halafu zima na kuwasha data ya simu makusudi katikati ya ujumbe.

Na mutex (kufuli ya kuzuia thredi mbili zisiguse data pamoja) uliyoiuliza mwishoni: lupu yako ni moja kwenye thredi moja, kolibeki humaliza ndipo nyingine ianze, kwa hiyo huihitaji. Siku ukiongeza thredi ya hifadhidata, ipelekee nakala ya data kwa foleni yenye kufuli. Pointa ya strakta usiipe.