Muvi moja, stori tatu: steringi ni nani?

SWALI: Shikamoo dada. Juzi kaka yangu alikuja na flashi ina muvi ya Mexico inaitwa Amores Perros, tukaiangalia nyumbani, watu wanaongea Kihispania na chini kuna maandishi ya Kiingereza. Mwanzo ilitushika kweli, gari linakimbizwa, mbwa anavuja damu kiti cha nyuma, mara ajali. Halafu yule kijana Octavio tuliyekuwa tunamfuata akapotea, tukaletewa mwanamitindo na kimbwa chake, baadae mzee mchafu anasukuma toroli. Kaka akasema hapa wameunganisha muvi tatu kwenye faili moja, akaenda kulala. Mimi nikamaliza peke yangu na mpaka leo haijanitoka kichwani ila nikiulizwa nimependa nini nashindwa kusema. Steringi ni nani hasa? Na wale mbwa waliumizwa kweli? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Muvi ni moja, tena ndio ya kwanza kabisa ya mwongozaji Alejandro González Iñárritu, ilitoka mwaka 2000, stori imeandikwa na Guillermo Arriaga na yote inatokea Mexico City. Mbwa kwanza maana najua ndio wanakuuma: pale mwanzoni wameandika kwamba hakuna mnyama aliyeteswa, na ukiangalia vizuri zile sehemu za mapigano ya mbwa utaona picha zinakatwa haraka haraka, sauti ndio inakumalizia mengine kichwani.

Steringi hayupo. Sisi tumezoea steringi, tunajua hafi, tunakaa upande wake mpaka mwisho, ndio maana Octavio akiachwa pale kwenye gari lililobondeka mtu anaona kama kadhulumiwa. Kinachozishika hizi stori ni ile ajali ya kwenye mataa, utaiona mara kadhaa, mara uko ndani ya gari la Octavio, mara uko upande wa Valeria yule mwanamitindo, mara uko pembeni ya barabara na El Chivo, yule mzee wa toroli. Kila ikirudi unamjua mtu mmoja zaidi, kwa hiyo inauma zaidi.

Ila ajali ni fundo tu, utamu uko kwingine. Rudia muvi na safari hii usiipeleke mbele sehemu ya Valeria, najua wengi wanaichoka pale kwa sababu hakuna bastola wala kukimbizana, ni mwanamke na mwanaume ndani ya fleti mpya. Mimi naona ndio moyo wa muvi nzima. Kuna tundu kwenye sakafu ya mbao, kimbwa Richie anaingia humo akifuata mpira na hatoki, Valeria mguu umefungwa vyuma anajikokota anamwita, usiku anasikia mikwaruzo chini ya sakafu, Daniel aliyeacha mke na watoto kwa ajili yake anaanza kupandisha hasira maana hela imekata na kubomoa sakafu ni gharama. Hakuna anayepigwa risasi lakini unaona mapenzi yanaoza mbele ya macho yako. Na dirishani kulikuwa na bango kubwa lenye picha yake akitangaza manukato, miguu yote miwili mizuri. Siku anatoka hospitali mguu umekatwa, anachungulia dirishani, bango limeshang'olewa. Pale mimi nilisimamisha muvi kwanza, sikuweza kuendelea.

Sasa tazama zinavyoitikiana. Octavio anamtaka mke wa kaka yake Ramiro, na kule kwa El Chivo kuna mtu kamkodi mzee amuue ndugu yake wa mzazi mmoja. Daniel kaacha watoto, El Chivo naye aliacha binti akiwa mdogo akaenda kupigana msituni, akafungwa, binti kakua anajua baba kafa. Na Cofi, mbwa wa Octavio aliyeingizwa kwenye mapigano akawa muuaji, mzee anamuokoa kwenye ajali anamtibu, halafu Cofi anawaua mbwa wake wote. Mzee anamnyooshea bastola na hampigi. Ukielewa kwa nini hampigi, umeshapata jibu la kumpa kaka yako.

SWALI: Dada habari. Huyo Iñárritu ana nyingine za hivyo hivyo? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Nzuri ndugu yangu. Zipo mbili alizofanya tena na Arriaga, 21 Grams ya 2003 na Babel ya 2006. Anza na Babel, inazunguka Moroko, Japani, Mexico na Marekani, na chanzo chake ni bunduki moja. Sehemu ya Tokyo yumo msichana kiziwi kacheza Rinko Kikuchi, akiingia disko muziki unapiga kwa nguvu halafu ghafla sauti yote inakatwa unabaki unaona taa na watu wanaruka tu, yaani unasikia kama anavyosikia yeye. Hiyo weka spika nzuri, usiangalizie kwenye simu.