Lugha rahisi ni ipi? Kwanza niambie waru unanunua wapi

Mtoto wa dada yangu alimaliza kidato cha nne Mombasa, akaja kukaa kwangu Umoja, Nairobi, akingoja matokeo. Wiki ya pili akanitumia ujumbe kwenye simu, na sisi tumo chumba kimoja: "Mama mdogo, lugha gani ya kigeni ni rahisi, nianze nayo?" Chini yake akabandika orodha aliyoiokota mtandaoni.

Orodha yenyewe naijua. Ni ya chuo kinachowafundisha wanadiplomasia wa Marekani, nayo inakadiria Mmarekani atakaa darasani muda gani mpaka aimudu lugha kwa kazi. Kifaransa na Kihispania wameviweka kwenye kundi jepesi. Kiswahili kiko juu yake, wiki 36, kama saa 900. Kiarabu, Kichina, Kijapani na Kikorea ni wiki 88, saa 2,200. Kilichomchoma kijana ni hicho cha Kiswahili. "Kwani sisi tunaongea lugha ngumu kuliko Kifaransa?"

Kwa Mmarekani, ndiyo. Akifungua kitabu cha Kifaransa anakuta maneno chungu nzima anayoyajua tangu utotoni, kwa sababu Kiingereza kiliyachukua huko huko Ufaransa. Akifungua cha Kiswahili anakutana na ngeli, kitu hakiwi kizuri mpaka kwanza ajue kiko kundi gani. Safari ile imepimwa kuanzia mlangoni kwake. Wewe uliyezaliwa Majengo mlango wako ni mwingine, na hakuna aliyekupimia.

Mimi mlango wangu niliujua Marikiti. Ya Nairobi, si ile ya kwetu Mombasa. Nilikuja huku mwaka 2011, nikaanza kuuza viazi karai na bajia jioni, na asubuhi saa kumi na moja niko Soko la Wakulima, ndiyo hiyo Marikiti, kutafuta waru, yaani viazi. Kiswahili kinatosha kununua, hilo sikufichi. Lakini nilikuwa nasimama kando namsikia mwenzangu anauliza kwa Kikuyu "nĩ mbeca cigana?", ni pesa ngapi, anatajiwa bei, na mimi nikiuliza kwa Kiswahili changu cha pwani, kile chenye "tafadhali" ndani yake, natajiwa nyingine. Tofauti yake kwa debe haikuwa kubwa. Kwa mwezi ilikuwa kodi ya kibanda.

Basi nikaanza kusikiliza. Na Kikuyu, kwa mtu wa Kiswahili, ni kama kuingia nyumba ya shangazi ambayo hujawahi kufika: vyombo vingine lakini mpangilio unaujua. Mtu ni mũndũ, watu ni andũ. Watu watatu, andũ atatũ. Miti mitatu, mĩtĩ ĩtatũ. Ngeli zile zinazomtoa jasho Mmarekani, wewe unazo kinywani tayari, unabadilisha sauti tu. Tisa wao ni kenda, na wazee wetu wa pwani nao walisema kenda kabla tisa ya Waarabu haijaizima.

Ila undugu huo una mitego. Siku moja nilitaka madebe matatu. Nikasema kwa kujiamini kabisa, "ndebe ithathatũ." Nikaenda kutafuta dania. Kurudi, nakuta mwenye mkokoteni anafunga kamba juu ya madebe sita.

"Mimi nilisema matatu!"

"Si wewe umesema ithathatũ?" yule mama akanijibu, hata hakuinua macho kwenye magunia. "Hizo ni sita, mami. Tatu ni ithatũ."

Akina mama wa mstari mzima walicheka mpaka wengine wakaketi. Nikalipa tatu taslimu, tatu nikachukua kwa deni, na wiki hiyo Umoja walikula viazi karai mpaka wakanichoka. Lakini ithatũ na ithathatũ sijazichanganya tena hadi leo, na kuanzia asubuhi ile nikawa na mwalimu. Kila nikifika ananiuliza nihesabu. Nikifika nane, inyanya, ananionyesha nyanya, anacheka peke yake.

Usinielewe kwamba Kikuyu ni chepesi. Kina irabu mbili ambazo Kiswahili hakina, ile ĩ na ile ũ. Kina toni, sauti ikipanda au kushuka maana inageuka. Halafu wakati uliopita wanao zaidi ya mmoja: kilichotokea leo hakisemwi kama kilichotokea jana, na cha zamani kina umbo lake. Hapo bado nayumba. Nimekiweza kwa sababu kila alfajiri kulikuwa na mtu wa kunisahihisha, na kila kosa lilikuwa na bei.

Sasa linganisha na Kifaransa changu. Mwaka 2014 nilijiunga na darasa la jioni mjini, miezi mitatu, ada nililipa kwa fedha za chama, kile cha kuweka akiba. Nikajifunza kwamba 99 ni quatre-vingt-dix-neuf, yaani nne ishirini kumi tisa, nikajiuliza watu hawa waliuza vipi bidhaa sokoni. Nikajifunza pia kwamba neno lina herufi nyingi na sauti chache. Darasa lilikuwa zuri, mwalimu alikuwa mzuri, lakini nikitoka pale napanda matatu ya Umoja, na ndani ya matatu ya Umoja Kifaransa hakina kazi.

Nikasema basi, nina jirani Mkongomani, fundi cherehani kutoka Bukavu, nitafanyia mazoezi kwake. Tulijaribu siku mbili. Siku ya tatu aliniuliza kuhusu kitenge kwa Kiswahili chake cha Bukavu, nikamjibu kwa changu cha Mombasa, na Kifaransa kikafia hapo. Lugha mnayoelewana nayo tayari hula ile mnayotaka kujifunza. Ndiyo maana pia nimekaa mlango kwa mlango na familia ya Wajaluo miaka sita na ninachojua ni erokamano, yaani asante, na salamu. Kijaluo hakina undugu na lugha yetu: mlima ni got, milima ni gode, shamba ni puodho, mashamba ni puothe, konsonanti inageuka na mimi nabaki nimesimama. Lakini siwezi kusema kimenishinda. Sijawahi kukihitaji.

Kwa hiyo nilimwambia kijana asiniulize ipi rahisi. Aniambie ataongea na nani Jumatatu asubuhi.

Kama angekuwa na biashara soko la Kamukunji na anaagiza mizigo Guangzhou, China, ningemwambia Kichina, saa 2,200 au la. Sarufi yake haina vituko: kitenzi hakibadiliki, wala hakuna wingi wa kuhangaika nao. Machi wanaiita sānyuè, mwezi wa tatu, kama tunavyosema sisi. Tabu ni toni na maandishi. Kununua ni mǎi, kuuza ni mài, tofauti ni namna sauti inavyopanda na kushuka tu, na mfanyabiashara hawezi kuvichanganya hivyo viwili. Nairobi mahali pa kuanzia pako: taasisi ya Confucius ya Chuo Kikuu cha Nairobi imekuwepo tangu 2005.

Kiarabu? Mimi nimesoma chuo cha Qur'ani utotoni, herufi nazisoma, na sita, saba, kitabu, samaki, dakika yote tumerithi huko. Urithi huo unakudanganya. Kitabu kikizidi kimoja huwa kutub, na hapo ndipo msamiati wako unapoishia na kazi kuanza.

Yeye lakini anataka Ujerumani, uuguzi. Tangu Kenya na Ujerumani watie saini mkataba wa uhamiaji Septemba 2024, mtaani kwetu nguzo ya stima isiyo na tangazo la Kijerumani ni ya kutafuta. Wengi wanatakiwa wafike B1 au B2, viwango vya kati vya kuijua lugha, na hiyo si kazi ya likizo moja. Nikamwambia uzuri wake: kinaandikwa karibu kama kinavyotamkwa, na maneno marefu yanafunguka ukiyakata. Krankenhaus, hospitali, ni nyumba ya wagonjwa tu. Ubaya wake ni jinsia za nomino. Kijiko ni der Löffel, dume. Uma ni die Gabel, jike. Kisu ni das Messer, si huku si kule. Ngeli zetu angalau neno lenyewe linakuambia, ki- na vi- zipo mbele ya macho. Hizi unazikariri moja moja. Ameandika vikaratasi vya rangi tatu, amevibandika nyumba nzima. Sufuria yangu ya bajia ina karatasi nyekundu.

Hana Mjerumani wa kuongea naye, kwa hiyo tumempa kazi kibandani. Jioni kuanzia saa kumi na mbili anahesabu pesa zote kwa Kijerumani, kwa sauti, na wateja wamezoea. Wajerumani hutanguliza mamoja: 53 ni dreiundfünfzig, tatu na hamsini. Jumamosi iliyopita mteja alikuwa adaiwe 53 kwa viazi, bajia na ukwaju. Kijana akatamka vizuri kabisa, dreiundfünfzig, halafu akaandika 35, akapokea 35. Shilingi 18 zimekwenda. Nimeziandika kwenye daftari, safu ya ada.