Muulize Fundi: Mashine ya vyombo inafurika

Barua za wiki hii karibu zote ni za mashine za kuoshea vyombo, na ugonjwa ni mmoja: maji hayajui kusimama. Nitajibu kwa zamu. Ila kwanza, asitie mtu mkono kwenye mashine iliyojaa maji hali ya kuwa bado ina umeme. Chomoa plagi, ndipo ushike kopo uchote.

Mama, Mbweni: Assalam alaikum fundi. Jana usiku nimemaliza kuosha, nikazima mashine na plagi nikaichomoa. Asubuhi nimekuta maji yamefika ukingo wa mlango na jikoni kote bahari. Yameingia vipi na umeme haupo?

Waalaikum salaam mama. Kuichomoa plagi umenipunguzia kazi, maana hicho ndicho kipimo cha mwanzo ambacho ningekuomba ukifanye. Maji yakiingia na umeme haupo, kosa ni la valvu ya kuingizia maji, ile inayofungwa mpira wa maji kwa nyuma. Yangesimama pale unapozima, tungetafuta kwengine.

Valvu hiyo hufunguliwa na umeme, na umeme ukiondoka hujifunga. Lakini springi yake ni dhaifu, inaziba kitundu kidogo tu. Kazi kubwa ya kukandamiza kiwambo cha mpira mpaka kizibe njia inafanywa na maji yenyewe kwa presha yake. Presha ikiwa ndogo kiwambo hakikazi, na maji yanapenya kidogo kidogo. Ya usiku kucha yanatosha kukujazia jiko.

Sasa hebu tazama tangi lako. Nyumba nyingi za kwetu tangi liko juu ya paa la nyumba ya chini, mita 3 au 4 tu juu ya mashine. Kila mita 10 za kimo zinaleta presha ya baa 1, kwa hivyo wewe una baa 0.3 au 0.4. Mashine nyingi zinataka isipungue 0.5. Hao waliozitengeneza hawakulifikiria tangi la Mbweni.

Jambo jengine ni mchanga. Maji ya mfereji yakikatika siku mbili tatu, yanaporudi huja na kutu na takataka za bomba. Punje moja ikikaa chini ya kiwambo, valvu haifungi tena. Funga koki ya ukutani, fungua mpira, utaona kichujio cha wavu mdomoni mwa valvu. Kitoe kwa koleo taratibu, kisugue kwa mswaki mkuukuu, kirudishe. Ikiendelea kuvuja nunua valvu mpya, na uangalie imeandikwa volti 220 hadi 240. Kuifungua ya zamani ukaipatanisha ni kupoteza siku.

Na mpaka hapo tangi litakapopandishwa au utakapotia pampu ndogo ya presha, kila ukimaliza kuosha funga koki ya ukutani. Mie nyumbani kwangu siendi kulala bila ya kuifunga.

Mwenye nyumba ya wageni, Jambiani: Fundi, yangu inafurika ikiwa inafanya kazi. Nikizima tu, maji yanasimama. Valvu nimeshabadilisha mara mbili na hali ni ile ile.

Pole kaka. Zile valvu mbili ulizotoa ziweke, inaelekea ni nzima. Kama ukizima maji yanasimama, basi valvu inatii. Anayekosea ni yule anayeiamrisha.

Mashine haina macho, lazima kuwe na kitu cha kuiambia kuwa maji yameshatosha. Zile za Kimarekani mara nyingi zina boya: kofia ya plastiki ndani, kona ya mbele, inayopanda na maji ikabonyeza swichi iliyo chini yake. Linyanyue kwa kidole. Linatakiwa lipande na kushuka bila kugoma, na usikie mlio mdogo wa swichi. Nimewahi kutoa kijiti cha mshikaki kilicholibana boya lisipande, na mwenye mashine alikuwa ameshatafuta mteja wa kumuuzia. (Na kama yako kweli ni ya Marekani, natumai una transfoma. Kule ni volti 120, kwetu ni 230.)

Nyingi za Ulaya zina mtindo mwengine. Pembeni ya shimo la maji kuna chemba ndogo ya hewa, na kutoka hapo kimpira chembamba kinapanda hadi kwenye swichi ya presha. Maji yakipanda, hewa iliyonaswa ndani ya chemba inabanwa, swichi inahisi, inakata valvu. Njia ya chemba ikizibwa na uchafu hewa haibanwi, na mashine inajiona bado tupu, ikaendelea kunywa. Kimpira kikitoboka au kikichomoka, mambo ni hayo hayo.

Kwa Jambiani ndiyo kabisa. Upande wenu huo ni mawe matupu ya matumbawe, na maji ya visima yana chokaa, na karibu na pwani yana chumvi pia. Tazama ukoko mweupe ndani ya birika lako la chai, ndio huo huo ulio ndani ya mashine. Ukichanganyika na mafuta ya pilau ya wageni ishirini unakuwa kama saruji. Kwa hivyo: chomoa plagi, fungua ubavu, toa kimpira pande zote mbili. Kipulize kikiwa peke yake. Usipulize kuelekea kwenye swichi, kiwambo cha ndani kitapasuka. Chemba ioshe kwa maji ya moto na siki mpaka njia ionekane. Kisha endesha mashine tupu kwa programu ya moto, ukiwa umeweka kikombe cha siki trei ya juu, na urudie kila baada ya miezi michache.

Baadhi ya mashine mpya zina kigurudumu kidogo kinachozunguka maji yakipita, na mashine inahesabu mizunguko. Kikigandwa na chokaa kinahesabu pungufu. Dawa ni kukisafisha, au kipya.

Kijana, Chake Chake: Shikamoo fundi. Koki ya ukutani nimeifunga, mashine nimeizima, na bado maji yanajaa. Tena ni machafu, juzi yalikuwa na majani ya chai.

Marahaba mwanangu. Majani ya chai ndiyo shahidi wako. Hayo si maji yanayoingia, ni ya kutoka yanayorudi. Mpira wa kutolea maji umeungwa kwenye bomba la sinki, bomba limeziba huko mbele, na kila mama akimwaga kitu sinkini kinatafuta pa kwenda, kinaishia kwenye mashine. Zibua bomba la sinki. Kisha ule mpira uupandishe mpaka chini ya meza ya jiko, uufunge hapo, ndipo uushushe kwenda kwenye bomba. Vitabu vya mashine nyingi vinataka sehemu hiyo iwe kati ya sentimita 40 na mita 1 kutoka sakafuni.

Wapo pia wanaoutoa mpira nje ukamwagie migomba, mdomo ukiwa chini kabisa. Migomba inafurahi, lakini maji yanajivuta yenyewe kila yanapoingia, na mashine inajaza bila ya kumaliza. Hapo sakafu ni kavu, utaona kwenye bili tu.

Bibi, Mkoani: Mjukuu kaniletea mashine hii kutoka Uingereza. Chini ndani mna kikopo chenye kifuniko, nikikifungua nakuta maji. Nakausha, kesho yamo tena.

Shikamoo bibi. Kiache, hicho ni kikopo cha chumvi ya kulainisha maji na kinatakiwa kiwe na maji siku zote. Mtie chumvi ya mashine yenye punje kubwa, siyo ya mezani. Na yale maji kidogo yanayobaki chini ya kichujio nayo yaache, yanazuia mipira isikauke.

Dada, Fuoni: Imeandika E15, pampu inalia haikomi hata nikiizima. Sabuni ya mashine ilikwisha, mdogo wangu katia ile ya maji ya kuoshea sinkini. Inahusiana?

Inahusiana sana. Kwenye Bosch na ndugu yake Siemens, E15 maana yake kuna maji kwenye trei iliyo chini kabisa ya mashine. Humo mna boya la povu gumu. Likinyanyuka linabonyeza swichi, maji ya kuingia yanakatwa na pampu inaendeshwa mfululizo. Povu la sabuni ya sinki limepanda, likapenya, likashuka kwenye trei.

Iache pampu itoe ilichonacho, kisha chomoa plagi, funga koki, na muwe watu wawili. Ilazeni kwa nyuma taratibu kama nyuzi 45, maji ya trei yamwagikie kwenye matambara, kisha ikae wazi siku nzima. Halafu iosheni tupu mara mbili bila ya sabuni yoyote mpaka povu lote liishe. E15 ikirudi baada ya hapo, siyo povu tena. Toeni bati la chini mbele, muwashe, mmulike kwa tochi pale mipira inapofungwa kwa klipu.

Na lile boksi nene lililo mwisho wa mpira wa kuingizia maji, fundi asilikate ili mpira uingie kwenye koki ya nusu inchi. Ndani yake mna valvu na nyaya za umeme. Kama koki ni ndogo, badilisheni koki.