Mtogwa au Mkangafu?

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza kama hadithi fupi zinazowacheka vijana wa kiume wanaoukimbilia uanaume kabla ya wakati zinawajenga au zinawadhalilisha. Nilipolisoma nilitaka kujibu kwa neno moja, kwamba zinawadhalilisha, kwa sababu ninapokutana na kijana wa namna hiyo katika hadithi, macho yangu humwendea zaidi mtu mzima aliye kando yake, ambaye mwandishi mara nyingi humpita haraka.

Mfano ni Dave, kijana mweusi wa miaka 17 katika hadithi ya Mmarekani Richard Wright, iliyochapishwa mara ya kwanza mwaka 1940. Dave anaamini kwamba bastola itamfanya aheshimiwe na wenzake wa shambani. Anainunua kwa dola 2, anamuua kwa bahati mbaya nyumbu wa kulimia wa mwajiri wake, na anatakiwa alipe dola 50, dola 2 kila mwezi. Watu waliokusanyika wanamcheka. Joe, mwenye duka aliyemuuzia silaha hiyo mtoto anayemfahamu, haulizwi na mtu yeyote.

Mimi bastola sikuwahi kuishika, ila koti nililivaa. Nilikuwa na miaka 16, kijijini kwetu upande wa Mafinga, na baba alikuwa kibarua kwenye mashamba ya chai, akirudi nyumbani mwisho wa mwezi. Koti lake zito la kijivu lilitundikwa nyuma ya mlango. Jumamosi moja ya masika niliuza kuku wa mama, nikalivaa koti hilo, mikono yake ikinifika kwenye ncha za vidole, nikateremka kilabuni. Mama muuzaji aliniuliza bila kuinua macho, "Mtogwa au mkangafu?" Mtogwa, yaani ulanzi (pombe ya mianzi) ambao bado ni mbichi na mtamu, kwetu hupewa hata watoto; mkangafu ni ule uliochacha ukawa mkali. Kwa hiyo nikajibu, "Mkangafu," kwa sauti niliyoitoa tumboni, ambayo katikati ya neno ilipanda ikawa nyembamba. Mzee mmoja aliyekaa karibu na mlango alicheka mpaka akakohoa. "Mpe mtogwa, mama," alisema, "aliyekuja kunywa ni koti, huyu amelisindikiza tu." Wengine hawakucheka. Walisogea, wakanipa nafasi kwenye benchi, na mmoja wao akaniagizia lita ya pili kwa hela yangu mwenyewe.

Usiku nilianguka kwenye matuta ya viazi ya mama, nikalala humo na koti. Asubuhi mama hakunipiga. Alinipa jembe niyainue upya matuta yote niliyoyalalia, akalifua koti, nalo kwa ukungu ule likakaa siku tatu juu ya jiko bila kukauka, likinuka moshi na ulanzi, hadi baba aliporudi akalikuta pale pale. Alilishika upindo, akaniangalia, kisha akaomba chai.

Nimeandika hadi hapa nikiwa nimekusudia kuwalaumu wanaocheka, lakini sasa naona kwamba mle kilabuni aliyenitendea wema ni yule mzee, na walioniumiza ni wale walionisogezea benchi. Kwa hiyo jibu langu ni kwamba hadithi hizo zinajenga, na mwanangu aliye kidato cha tatu nitampa azisome, ingawa sina hakika kama atacheka au atakasirika. Hata hivyo natoa angalizo. Kicheko cha mzee kilikuja na njia ya kurudi, yaani mtogwa, ilhali kicheko cha waliomzunguka Dave hakikumwachia njia ila kurukia treni usiku, bastola ikiwa mfukoni. Tena ningependa mwandishi anayejua kuchekesha asimsahau mwenye duka. Yule mama wa kilabuni alinijua tangu nabebwa mgongoni, na kuku niliyemuuza siku ile alimnunua yeye.