Barua kwa kijana yangu: hicho kikombe umemtengea Nekesa, kirudishe kwa kabati

Wafula baba,

Nimesikiza ile sauti umenitumia jana usiku na nikaona nikikupigia simu tutagombana tu, wacha niandike. Umeniuliza hivi: Nekesa ameenda kliniki ya mimba huko Nakuru, wakampima damu wakasema ako na hepatitisi B, ule ugonjwa wa ini unaoletwa na virusi, na wewe unasema hujawahi toka nje ya ndoa, sasa yeye ameitoa wapi? Ukamalizia ati umeshamtengea kikombe na sahani, na unangoja mimi niseme kama umrudishe kwao Kimilili.

Hurudishi mtu kwao juu ya karatasi ya maabara. Hiyo karatasi inasema virusi viko kwa damu, basi. Haisemi viliingia lini na haisemi nani alivileta. Mimi nimekaa kliniki ya mama na mtoto mpaka nikastaafu, na nakwambia hilo swali la "ameitoa wapi" nimeliona likivunja manyumba kuliko ugonjwa wenyewe.

Sasa niskize vizuri hapa. Hivi virusi vinapita kwa damu, vinapita kwa kulala pamoja, na vinatoka kwa mama kuingia kwa mtoto wakati wa kuzaliwa. Kitu watu wengi hawajui ni hiki, mtu mzima akiambukizwa mwili wake mara nyingi unapigana navyo hadi unavimaliza, wanaobaki navyo hawafiki 5 kwa 100. Lakini mtoto akivipata siku ya kuzaliwa, karibu 90 kwa 100 wanabaki navyo maisha, na wengi wao hawahisi chochote, macho hayageuki manjano, tumbo haliumi, anasoma, anacheza netiboli, anaolewa, hadi siku moja mtu anampima na anaambiwa. Kwa hivyo ukikuta msichana mzima kama Nekesa, nguvu anazo, hajawahi lazwa, na bado ako navyo, mtu wa kliniki anafikiria utoto wake kabla afikirie ndoa yake. Shirika la Afya Duniani lilihesabu watu milioni 254 walikuwa wanaishi na hii kitu mwaka wa 2022. Wote hao walitoka nje?

Na kuna jambo unalijua wewe mwenyewe ila hujaliunganisha. Mama yake Nekesa alikufa Nekesa akiwa msichana mdogo wa shule, tumbo limejaa maji, na watu wa kwao wakasema ni jirani alimroga kwa ajili ya shamba. Mimi sikumpima marehemu kwa hivyo siapi. Lakini tumbo kujaa maji namna hiyo mara nyingi ni ini limeharibika, na hepatitisi B ni moja ya vitu vinaharibu ini polepole miaka na miaka, hadi kansa. Mwambie Nekesa ndugu zake wote wapimwe, hata yule kaka yao wa Webuye anayejiona mwamba.

Halafu wewe je? Umepimwa? Kwa hiyo sauti yote ya dakika saba sikuskia mahali umesema umepimwa. Agosti ile ulipotahiriwa, omukhebi, yule ngariba wetu, alitoka boma hii akaingia ile, kisu kilikuwa kimoja ama kila kijana na chake? Muulize baba yako, sisi wanawake hatukuwa karibu. Siku hizi watu wa afya wanasisitiza kila mtoto na kisu chake na wengi wanapelekwa hospitali, lakini mwaka wenu sijui. Na huyo kinyozi wako anayekukwaruza shingo kila wiki, wembe anabadilisha? Hivi virusi vinaweza kukaa nje ya mwili siku 7 na bado viambukize, damu ikiwa imekauka hata huioni. Nyinyi wote wawili mlizaliwa kabla hii chanjo iingie kwa zile sindano za watoto hapa Kenya, hiyo ilikuwa mwishoni mwa 2001, kwa hivyo hakuna mtu aliwadunga mkiwa wadogo. Yaani inawezekana kabisa ni wewe uko navyo na hujui. Nenda upimwe kabla hujaongea tena mambo ya Kimilili.

Kikombe sasa. Kirudishe. Hepatitisi B haipiti kwa sahani, kijiko, ugali wa sinia moja, kukumbatiana, kukohoa, choo, wala mbu. Nafikiri watu wanachanganya na ile hepatitisi A na E, hizo ndizo za maji machafu na chakula kilichoshikwa na mikono michafu, na hizo zinakuja zinaenda, hazibaki mwilini miaka kama hii. Unamtengea mama mjamzito kikombe halafu wageni wanaona, unadhani watasema nini huko ploti yenu? Vitu vya kutenga ni vile vinaguza damu: wembe, mswaki, kikata kucha, herini, sindano. Hizo kila mtu na zake, na hata kama hakuna mgonjwa nyumbani ingekuwa hivyo. Akijikata akipika, afunge kidonda, damu iliyomwagika ipanguzwe na jiki, sehemu moja ya jiki kwa tisa za maji, mwenye anapanguza avae glavu. Hiyo tu.

Ukienda kupimwa usikubali kipimo kimoja cha kuambiwa "uko sawa". Waambie unataka kujua kama uko na virusi, hicho kinaitwa HBsAg, na kama uko na kinga tayari, kwa sababu kuna watu waliambukizwa zamani mwili ukamaliza na hawahitaji kitu. Ukipatikana huna virusi na huna kinga, unadungwa chanjo mara tatu, leo, baada ya mwezi mmoja, na miezi sita baada ya ile ya kwanza. Usidungwe mara moja uone imetosha, wanaume mnapenda hiyo. Kabla umalize, tumieni kondomu, na usinikunjie uso, mimi ni nesi kabla niwe mama yako. Ukishamaliza na kinga ishike, mnaishi kama watu wengine wa ndoa. Na mtu asimdanganye Nekesa ati akidungwa hiyo chanjo virusi vitatoka, chanjo ni ya mwenye hana.

Mtoto ndiye ananinyima usingizi kuliko nyinyi, kwa sababu huyo bado tunaweza kumkinga na muda uko. Nekesa ako miezi minne, si ndiyo? Basi waambie kliniki wampime vairo lodi, yaani wingi wa virusi kwa damu, ama kama mashine haiko waulize kuhusu tenofovir, ni tembe moja kwa siku, mama anaweza kuanza kuanzia miezi ya katikati ya mimba ili virusi vipungue kwa damu kabla ya kujifungua. Lakini kwanza wahakikishe wamempima ukimwi pia, kwa sababu hiyo tenofovir iko ndani ya dawa za ukimwi na mwenye ako na vyote viwili hapewi hiyo peke yake. Na hapo ndipo umbea utaanzia, mtu ataona kopo atasema Nekesa anameza ARV. Wacha waseme. Wewe ukiwa wa kwanza kumtetea watanyamaza wenyewe.

Siku ya kuzaa mtoto adungwe chanjo ya hepatitisi B kabla masaa 24 yaishe, mapema ndiyo bora, sio kungoja ile ya wiki ya sita ambayo wote wanapewa. Hiyo ya kuzaliwa ulizieni sasa, msingoje uchungu uanze usiku ndio muanze kuuliza kama iko kwa friji ya hospitali, na kama hawana, tafuteni hospitali yenye iko nayo mjifungulie huko. Waulizeni pia kuhusu imunoglobulini, hiyo ni kinga ya tayari, inadungwa paja la pili siku hiyo hiyo, si kila mahali wanayo lakini mkiipata ni vizuri sana. Halafu zile za wiki ya 6, ya 10 na ya 14 asikose hata moja, na akifika miezi tisa hadi mwaka apimwe tujue. Kunyonyesha anyonyeshe. Kuna mtu atamwambia anyime mtoto titi, mwambie huyo mtu aniletee mimi hayo maneno. Wala Nekesa hahitaji kuzaa kwa kupasuliwa kwa sababu ya hii kitu peke yake.

Kwa Nekesa mwenyewe, kuwa navyo sio kwamba lazima ameze dawa maisha, wengine wanafuatiliwa tu, wanaangaliwa ini kila baada ya miezi kadhaa. Daktari ndiye ataamua, sio yule mtu wa steji anauza chupa za kusafisha ini. Hizo chupa sizitaki kwa nyumba yenu, hakuna anayejua ndani kuna nini na ini lake ndilo litafanya kazi ya kuzichuja. Pombe hanywi, hiyo namshukuru Mungu, wewe ndiye ujiangalie na hiyo ya wikendi ukipatikana navyo. Na mahindi yakiota ukungu msisagishe, ile sumu ya ukungu na hivi virusi vikikutana kwa ini moja, kansa inakuja haraka zaidi. Nitawatumia gunia kutoka hapa, yangu yamekauka vizuri.

Sijamaliza hasira na wewe lakini nimemaliza maneno ya hospitali. Jumatatu uombe ruhusa kazini mwende wote wawili, usimwache akae kwa ile foleni peke yake. Mkitoka nitumie picha ya karatasi zote mbili, yake na yako. Na leo jioni umwambie aniite, nataka kuongea naye bila wewe kuwa kwa chumba.

Mamako