Bia ya moto, bia baridi: barua kwa mwanangu kuhusu Shawshank

Mwanangu,

Sisi hapa Tanga hatujambo. Mguu wa baba yako unaendelea vizuri, na kuku wako uliowaacha siku hizi wanalala kwa jirani kuliko kwetu.

Ujumbe wako nimeupata. Unasema umemaliza ile riwaya fupi ya Stephen King, Rita Hayworth and Shawshank Redemption, baada ya miaka yote ya kuitazama filamu yake, na umebaki na kinyongo. Kitabu kimeishia njiani. Hakuna ufukwe, hakuna kukumbatiana, mkuu wa gereza hajajipiga risasi, Tommy hajauawa. Unaniuliza, "Mama, mbona filamu imekamilika kuliko kitabu? Kwani mwandishi alichoka? Na wewe unachukua kipi?"

Mimi nachukua kitabu, isipokuwa sehemu moja ambayo filamu imekipita mbali. Sasa tulia nikueleze, baba.

Kitabu kilitoka mwaka 1982, kikiwa kimoja kati ya riwaya fupi nne ndani ya Different Seasons. Wasomaji walikuwa wamemzoea King kwa mambo ya kutisha usiku, na hapa akawaletea gereza la jimbo la Maine, Marekani, lisilo na jini hata mmoja. Filamu, The Shawshank Redemption, ilitoka mwaka 1994. Frank Darabont ndiye aliyeandika muswada wake na kuiongoza. Ilipofika kwenye kumbi za sinema haikupata watu, na tuzo saba za Oscar ilizopendekezwa ilizikosa zote. Iliokolewa na kanda za video na televisheni, ndiyo maana hata sisi tuliipatia sebuleni.

Anzia kwenye paa. Wafungwa wanapaka lami, na askari magereza Hadley analalamika kwamba kaka yake amekufa akamwachia dola 35,000, ila serikali itakata chake. Andy Dufresne, mfungwa, aliyekuwa mtu wa benki, anamsogelea na kumuuliza kama anamwamini mke wake. Nusura atupwe chini. Kumbe anataka kumwambia kwamba mume akimzawadia mkewe fedha ile, kodi haiigusi. Makaratasi atamwandalia mwenyewe, na ujira anaoutaka ni bia tatu tatu kwa kila mwenzake aliye juu pale. Mpaka hapo kitabu na filamu ni kitu kimoja. Bia zikaletwa. Kwenye filamu ni baridi, barafu kabisa, na Hadley anawahimiza wanywe kabla hazijapoteza ubaridi wake. Kitabuni Red, mfungwa rafiki wa Andy anayesimulia hadithi, anasema zilikuwa za moto kama mkojo, na bado hajawahi kunywa bia tamu kama zile.

Nimeisoma sehemu hiyo nikacheka peke yangu jikoni. King anakupa bia ya moto na utamu wake uutafute mwenyewe. Darabont ameiweka kwenye friji kwanza. Ukishaliona hilo, mabadiliko mengine yote yanajieleza.

Wewe unajua nimeshika vitabu vya hesabu maisha yangu yote, kwa hiyo nitakuambia kwa macho ya mhasibu: filamu haiwezi kulala na deni. Bogs, mfungwa aliyemtesa Andy, anavunjwa mwili na Hadley. Hadley naye anakamatwa. Mkuu wa gereza Norton, mwenye Biblia mkononi na rushwa mfukoni, anafungua kasiki akakuta Biblia badala ya leja, na risasi ya mwisho anajipiga yeye. Andy anaondoka na zaidi ya dola 370,000 za wizi wa Norton huyo huyo, na leja anaituma gazetini. Kila upande umelingana, unaweza kupiga mstari chini.

Kitabu hakina hata nusu ya hayo. Kwanza wakuu wa gereza ni watatu, wanapishana mmoja baada ya mwingine, na uchafu unaendelea bila kujali aliyekaa kwenye kiti. Hadley anapata ugonjwa wa moyo, anastaafu, basi. Norton anajiuzulu akiwa amenyong'onyea, na Red anamwaza amekaa kanisani Jumapili akijiuliza yule mfungwa alimshindaje. Fedha anayotoka nayo Andy ni yake mwenyewe, ya tangu kabla ya kufungwa. Rafiki yake alimtengenezea jina bandia na kuiwekeza kwa jina hilo, na ufunguo wa sanduku la benki ukafichwa chini ya jiwe kwenye shamba la majani huko Buxton. Andy anatoboa ukuta miaka nenda miaka rudi huku akijua huenda mtu ameshajenga juu ya jiwe lile. Hofu hiyo kwenye filamu haipo.

Halafu Tommy. Kijana huyu ndiye aliyemsikia mfungwa mwingine akijigamba kwamba ndiye aliyemuua mke wa Andy na mwanaume aliyekuwa naye, mauaji yale yale yaliyomfunga Andy. Kwenye filamu Norton anamtoa nje usiku, anamsemesha kwa upole, Hadley anampiga risasi kutoka juu. Inauma, na mara moja unajua nani ni shetani. Kitabuni hakuna risasi. Tommy anahamishiwa Cashman, gereza jepesi, lenye ruhusa za kwenda kuona watu wako nje, na ana mke na mtoto mdogo. Akanyamaza. Mimi hiyo ndiyo iliyoninyima usingizi, mwanangu. Risasi ningeweza kuichukia nikamaliza. Lakini kijana mwenye mtoto aliyepewa nafasi ya kumshika mwanawe mwisho wa wiki, ili mtu asiye na hatia aendelee kuoza, utamchukia vipi? Ofisini nimeona watu wazuri wakinyamazishwa namna hiyo hiyo, kwa uhamisho wa kwenda mahali pazuri zaidi, na barua ya pongezi juu yake.

Lakini sababu kubwa ya kuchukua kitabu ni Red.

Jiulize: kwenye filamu, Red alimuua nani? Umeitazama mara ngapi sijui, na hutaweza kunijibu, kwa sababu filamu haisemi. Anasema tu ni mauaji, na kwamba yeye ndiye mwenye hatia pekee Shawshank nzima, watu wanacheka. Halafu wamempa sauti ya Morgan Freeman, sauti ambayo ukiisikia unaweza kuikopesha fedha bila dhamana. (Kitabuni Red ni Muairishi mwenye nywele nyekundu, ndiyo maana kwenye filamu Freeman akiulizwa jina hilo limetoka wapi anasema labda ni kwa sababu yeye ni Muairishi. Mzaha huo naupenda.)

Sasa rudi mwanzo kabisa wa kitabu. Red anasema aliingia gerezani akiwa na miaka 20. Alimkatia mkewe bima kubwa ya maisha, kisha akaharibu breki za gari lake. Alipanga afe mke peke yake. Mke njiani akasimama kumchukua mama jirani na mtoto wake mchanga, gari likashuka mlimani bila breki, wakafa wote watatu. Red hajitetei. Anakueleza hivyo kabla hujamjua Andy vizuri, halafu anaendelea kukusimulia, na wewe unaendelea kumsikiliza. Kila anaposema jambo la busara, yule mtoto mchanga yupo. Unampenda ukiwa umejua.

Kwenye filamu kuna ile siku ya mwisho mbele ya bodi ya parole, wale wanaoamua mfungwa aachiwe au la, baada ya miaka 40, anaposema angetamani kuongea na yule kijana mjinga aliyefanya uhalifu ule, amtie akili. Tunalia wote, nami nalia. Lakini tunalia kwa urahisi, baba. Tunamsamehe mtu kwa kosa ambalo hatukuonyeshwa. Laiti wangetutajia mtoto mchanga dakika tano kabla ya maneno yale, hapo tungejua machozi yetu ni ya aina gani. Kitabuni hakuna hotuba. Baada ya miaka 38 wanamwachia tu, bila maelezo ya maana, kama wanavyoweza kuachiwa au kukataliwa wengine. Na huko nyuma, akizungumzia kurekebishwa tabia, haelewi hata watu wanamaanisha nini.

Hapo ndipo jibu la mwisho wa kitabu linapotoka. Red kitabuni ni mwandishi, ameshika kalamu. Alipomaliza kusimulia kutoroka kwa Andy, ambako hakukuona, alibahatisha tu kwa vipande alivyosikia, anakiri kwamba hadithi yote hii aliyodai ni ya Andy, kila neno ni la Red mwenyewe. Sehemu ya mwisho anaiandika akiwa ameshatoka gerezani, yumo kwenye chumba cha hoteli, barua ya Andy ameshaipata chini ya jiwe lile, mizigo michache, safari iko mbele. Basi ataandikaje ufukwe ambao hajafika? Kalamu inaishia pale mtu alipo. King hakuchoka. Angeongeza ukurasa mmoja tu, angekuwa anamsingizia Red.

Na taarifa nyingine ambayo labda itakupunguzia kinyongo: Darabont mwenyewe awali alitaka kuishia Red akiwa kwenye basi. Studio ndiyo iliyotaka marafiki wawili waonekane wamekutana. Ule ufukwe wa Meksiko uliokuliza si wa Meksiko, walipiga picha St. Croix, kisiwa cha Marekani katika Karibi. Hata hivyo waliupiga kwa mbali, na muziki wa Thomas Newman ukasema peke yake, kwa hiyo siwezi kuwalaumu sana.

Kutoroka kwenyewe nikutajie kidogo tu. Filamu inakuonyesha Andy akitambaa kwenye bomba la uchafu, akatoka akainua mikono mvuani, picha ambayo dunia nzima inaijua. Kitabuni Red yuko ndani ya selo yake. Anachosikia ni askari aliyeteremshwa kwenye tundu akipiga kelele kwa uvundo na kutapika. Red anacheka mpaka anashindwa kujizuia, anatiwa selo ya adhabu siku 15. Kwangu kicheko kile ni kikubwa kuliko mvua, lakini najua hakiwezi kuwekwa kwenye bango.

Sasa ile sehemu moja ambayo filamu imeshinda: mzee Brooks.

Kitabuni Brooks ana mistari michache. Ni mzee wa maktaba, anaachiwa, anafia kwenye nyumba ya wazee wasio na kitu. Ndege anayeitwa Jake ni njiwa, na si wake, ni wa mfungwa mwingine aliyeachiwa baadaye. Njiwa yule akaonekana amekufa kwa njaa kwenye kiwanja cha gereza. Darabont amevichukua vipande hivyo viwili akavishona pamoja. Njiwa akawa kunguru, akawa wa Brooks, na Brooks akapewa barua, chumba cha kupanga, kazi ya kufungasha bidhaa dukani huku vidole vinauma, na kisu cha kuchongea jina lake kwenye boriti kabla ya kujinyonga. James Whitmore haongezi chumvi hata kidogo. Anavuka barabara, gari linampigia honi, anashtuka kama mtoto. Kisha chumba kile kile anapewa Red, boriti ile ile iko juu yake, na bila mtu kueleza tunajua njia mbili zilizo mbele yake ni zipi. King alikuwa na habari hiyo mikononi akaipita haraka. Baba yako sehemu hiyo ikifika hutoka nje kwenda kuangalia kama geti limefungwa. Tangu alipostaafu hajawahi kuiona yote.

Ule wimbo wa Mozart kwenye vipaza sauti pia ni wa filamu, haumo kitabuni. Ni mzuri. Mimi naona umewekwa ili tuambiwe kwamba hapa ni mahali pa kuguswa, lakini wewe najua unaupenda, na siufuti.

Ukikirudia kitabu, tazama Red anavyolitafuta lile jiwe la Buxton. Kwenye filamu anafuata ukuta wa mawe, anaona mti, amefika. Kitabuni anaomba lifti siku zake za mapumziko, anakagua shamba moja baada ya jingine, baridi haijaisha, na mtu wa umri wake anaonekana kituko akipekua kuta za mawe za watu. Kazini bado hawezi kwenda chooni bila kuhisi anatakiwa aombe ruhusa. Mtu huyo akisema mwishoni kwamba anatumaini, kwangu inatosha. Sihitaji kuonyeshwa maji.

Baba yako hakubaliani nami. Nimemsomea barua hii na anasema mtu aliyekaa ndani miaka 40 apewe bahari yake, na kwamba mhasibu hafai kuulizwa mambo ya sinema. Nimemwambia akuandikie ya kwake. Ametafuta miwani tangu asubuhi.

Wasalimie wajukuu zangu na mama yao.

Mama yako