Isimamisheni hiyo simu ya bibi! (jibu kwa mleta uzi)

Mkuu, nilikuwa nasoma uzi wako wa kuuliza jinsi ya kuandika wasifu wa marehemu bibi yenu, nimetulia kabisa mpaka nilipofika pale ulipoandika, kama jambo dogo tu, kwamba "simu yake tunaiflashi wikendi hii apewe mdogo wetu wa mwisho". Kuiflashi ni kufuta kila kilichomo! Hapo niliinuka kitini. Wasifu wa bibi uwe na kurasa ngapi, nani ausome, picha ipi ikae mbele, hayo wadau wameshakujibu. Mimi nina neno moja: simu isiguswe. Mpigie mdogo wako sasa hivi, halafu urudi umalizie kusoma.

Umempigia? Haya.

Pole kwa msiba. Nilipaswa kuanza na hilo, nisamehe. Nimeona mtu anakwenda kudumbukia kwenye shimo ambalo mimi mwenyewe bado nimo, adabu zikanitoka.

Mama yangu alikuwa fundi cherehani. Alitusomesha watoto watano kwa miguu yake miwili, na hapo sisemi kwa mafumbo, maana cherehani ilikuwa ya kukanyaga. Tulipokua tukadhani sasa atapumzika. Wapi! Tulimpelekea wajukuu akaanza upya, wanangu wawili wakiwemo, ambao alikaa nao miaka minne nikiwa kazini mbali. Alikuwa na daftari la vipimo. Kila mwaka aliwapanga wajukuu mstari mmoja na kuwapima kabla ya kuwashonea sare, hivyo ukilifungua unamwona mtoto anarefuka ukurasa kwa ukurasa: suruali inchi 22, 24, 27. Hilo daftari tunalo. Ndilo linaloniokoa nisilie kila siku, nalia siku moja moja.

Kuandika meseji hakupenda, herufi zilikuwa ndogo na macho yameshachoka. Siku alipogundua alama ya kipaza sauti kwenye WhatsApp ndipo tulipokoma. Meseji za sauti asubuhi, mchana, usiku. Dakika 4, dakika 7. Alikuwa anaiegemeza simu kwenye cherehani na kuongea huku anashona, kwa hiyo unasikia mashine inakwenda, inakwenda, halafu inasimama ghafla. Ikisimama ujue amefika kwenye jambo zito.

Na mimi mwanawe, mwenye akili zangu timamu, nilikuwa nazisikiliza kwa mwendo wa mara mbili. Mara nyingine nilishajibu "sawa mama" kabla hajamaliza salamu.

Aliyemsikiliza kweli ni binti yangu. Kila usiku alichukua simu yangu akamuuliza bibi yake swali: nani alikufundisha kushona, babu alikuposaje, ile sindano iliyokuingia kidoleni ilitokaje. Bibi anajibu. Ilikwenda hivyo karibu miaka miwili. Simu yangu ikajaa, nikaanza kufuta. Nilijiambia, na maneno haya nayakumbuka vizuri kuliko tarehe yangu ya kuzaliwa: "Kwa mama zipo, yeye hafuti kitu."

Mama akafariki. Wiki ya tatu mpwa wangu akawa hana simu, ya mama imelala droo, nikaona busara kuipeleka kwa fundi afute patani, ule mchoro wa kufungulia simu, aliyokuwa ameiweka mama na kuiandaa. Nilimuuliza kwa mdomo huu huu: vilivyomo ndani havitapotea? Akanijibu bila hata kuinua macho, "Bosi, siku hizi kila kitu kipo juu. Ukiingiza namba kinashuka chenyewe."

Kipo juu! Juu kuna mawingu na kunguru.

Dakika kumi akanirudishia simu safi kama imetoka kiwandani, na kioo amekibandikia kinga mpya kama ofa. Nilimlipa. Nikamshukuru. Nikamwachia na chenji, mkuu, nilimwachia chenji mtu aliyenifutia mama.

Tulipoiwasha vilishuka vitu viwili: majina 41 ya watu, na picha chache ambazo nyingi ni za dari na kidole gumba chake. Sauti hakuna hata moja. Nilikwenda kwa fundi wa pili, huyu mkweli, akanieleza kitu ambacho yule wa kwanza ama hakukijua ama aliona uvivu kukisema. Simu za siku hizi huhifadhi vitu vikiwa vimefungwa kwa ufunguo wa siri ulio ndani ya simu yenyewe. Ukiriseti, yaani ukiirudisha simu kama ilivyotoka kiwandani, ufunguo ndio unaofutwa. Hata kama mabaki yapo, yamegeuka takataka isiyosomeka, na hakuna programu ya kuyafufua hata wakuapie. (Nilishanunua mbili za hizo. Usicheke.)

Na bakapu, ile nakala ya akiba? Bakapu ya WhatsApp kwenye simu ya Android huenda kwenye akaunti ya Google pale tu mtu alipoiwasha. Majina ya watu kushuka hakumaanishi chochote, hayo yana njia yake. Sasa nani alimsetia mama simu siku ya kwanza? Mimi. Ilipouliza bakapu ifanyike kila baada ya muda gani, nani aliyebonyeza "kamwe" ili kuokoa bando? Unanijua tayari. Kwa hiyo nikimtukana fundi, na namtukana mpaka leo, najua kuna mate yanayorudi usoni kwangu. Lakini bado namtukana. Kutojua si kosa. Kosa ni kutojua kisha kumhakikishia mtu aliyefiwa.

Laini nayo tuliitia kwenye bahasha. Hakuna aliyetuambia kwamba laini isiyotumika kwa muda hufungwa na mtandao, na namba inaweza kupewa mtu mwingine. Miezi kadhaa baadaye binti yangu akaomba "tumpigie bibi tu iite". Nikapiga. Akapokea mwanamume, mpole sana, akauliza, "Nikusaidie nini ndugu?" Nikasema samahani, nimekosea namba.

Umeuliza kuhusu kuandika, ngoja nifike huko, maana ndiko nilikojua ukubwa wa hasara. Mwaka uliofuata ndugu walinipa kazi ya kuandika kijitabu cha maisha ya mama kwa ajili ya wajukuu. Nikakaa, nikaandika: alizaliwa, alisoma, aliolewa, alijaliwa watoto watano, alikuwa mchapakazi, mpole, mwenye upendo kwa wote. Kurasa sita. Binti yangu akasoma, akanirudishia, akasema, "Huyu si bibi. Bibi hakuwa mpole."

Na kweli hakuwa! Mama alikuwa anafumua pindo lote la gauni kwa sababu ya mshono mmoja ulioruka, huku anamsema uliyemletea kitambaa kibovu, uliyemharakisha, na jua lililozama mapema. Kisha anashona upya mpaka usiku na asubuhi gauni limekunjwa mlangoni kwako. Huo ndio ulikuwa upendo wake, una kelele. Mimi nilikuwa nimemwandika mwanamke wa kadi ya pole.

Tukaanza kukusanya. Nani alimfundisha kushona? Binti anakumbuka kwamba bibi alimsimulia juu ya mwanamke mmoja mwenye sauti ya kukwaruza, aliyemruhusu asimame dirishani kutazama, mpaka siku moja akamwita ndani ampe uzi autunge kwenye sindano. Jina lake? Alilitaja, binti anasema alilitaja mara nyingi. Hakuna anayelikumbuka. Dada wa mama wote wametangulia. Mwanamke aliyeitia riziki yetu sote mkononi mwa mama hana jina, na jina lilikuwepo, kwenye faili la sauti, ndani ya simu niliyoipeleka kwa miguu yangu.

Sasa sikiliza. Kama bibi yenu alikuwa anatuma sauti, na bibi gani hatumi, fanya hivi leo. Kama patani mnaijua, fungua simu, ichomeke kwenye kompyuta kwa waya, chagua kuhamisha mafaili. Kwenye Android ingia folda iitwayo Android, kisha media, kisha com.whatsapp, endelea ndani mpaka ukute WhatsApp Voice Notes. Nakili folda nzima, usianze kuchagua, utachagua ukiwa na akili zilizotulia. Faili zinaishia na opus, na tarehe imo kwenye jina la faili, hiyo peke yake ni kalenda ya maisha yake. Zisipofunguka kwenye kompyuta usiogope, tafuta kicheza sauti kingine kama VLC.

Kama patani hamuijui, msikisie! Kila ukikosea simu inakuchelewesha zaidi, na kuna simu, iPhone mojawapo, zinazoweza kuwa zimesetiwa zijifute zenyewe baada ya kukosea mara 10. Kaeni na wajukuu wadogo muwaulize. Watoto huwa wanajua patani za bibi zao, walikuwa wanacheza magemu.

Nakala ziwe tatu, zisikae zote nyumba moja. Laini iwekwe salio na itumike mara kwa mara. Akaunti ya WhatsApp ikikaa bila kutumika siku 120 kwa kawaida hufutwa, na Google nao wana utaratibu wa kufuta akaunti binafsi zilizolala miaka 2, kwa hiyo usijiambie "tutafanya mwakani".

Kisha wapitie wote aliokuwa anawatumia, kabla hawajabadilisha simu. Ndivyo nilivyopata meseji 9 za mama, tisa, kati ya mamia. Nyingine ni za kumuuliza mtu kama alifika salama. Moja ina sekunde 11 tu, alibonyeza kwa bahati mbaya, haongei kabisa, ni cherehani inakwenda na yeye anahesabu kwa chini. Nisikilizeni, hiyo sasa siichezi kwa mwendo wa mara mbili.

Najua kuna mdau atakuja kusema simu ya marehemu ni siri yake, isipekuliwe. Nakubali kabisa. Sikukwambia usome alichoandikiana na watu. Nakili, funga, weka. Atakayestahili kusikiliza nini mtaamua kikao cha familia, na mtagombana, ni kawaida. Lakini mnagombania kitu kipo. Sisi tulikosa hata cha kugombania.

Uliuliza nini tena? Urefu. Sijui. Cha kwetu kiliishia kurasa nne baada ya kufuta "mpole" zote na kuweka alichofanya kwa mikono yake, na ukurasa mmoja ni nakala ya daftari la vipimo. Watu waliyapita maandishi yangu yote wakaenda kujitafuta pale, fulani kiuno inchi 20, jamani nilikuwa mwembamba.

Narudi kwenye uzi huu jioni. Hata usinishukuru. Nataka nikute umeandika neno moja tu, "nimenakili", na huyo mdogo wako mkopesheni simu nyingine.